Chupa ya Kuria

Nyaboke ameniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi ya duka letu la vitu vya kale, ili yeye na vijana aliowaajiri wasianzie sifuri. Nilimwambia ninayoyajua yatajaa daftari moja, na nisiyoyajua yatajaa duka zima. Akaniletea madaftari mawili. Basi naandika. Mambo ya mshahara na nani alipanda cheo sitayagusa, maana dukani tulikuwa watu wawili na cheo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha baba yake.

Baba yake ni Mzee Maragia, Mungu amlaze pema. Ndiye aliyefungua duka hapa Kisii mjini wakati watu walipokuwa wakitupa viti vya babu zao jikoni viwe kuni. Yeye alipita Manga, Kenyenya na Nyamarambe, anaingia boma la mtu, anasalimia mpaka anachosha, kisha anaomba kuona kilicho juu ya dari. Mimi aliniajiri kwa sababu moja tu. Nilipokuja kuomba kazi nilijikwaa kwenye mtungi, nikaudaka kabla haujafika chini. Cheti changu cha shule hakukifungua.

Siku ya kwanza niliingia na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na Kiswahili cha darasani nilichokiamini kupita kiasi. Mimi ni mtu wa upande wa ziwa, na Ekegusii, lugha ya Wakisii, sikujua hata salamu. Mzee Maragia alinipa kitambaa cha flana na kipande cha nta ya nyuki, akanionyesha kiti cha miguu mitatu, akasema, "Sugua mpaka nikuambie basi." Halafu akasahau kuniambia basi. Nilikuwa bado nasugua kiti, mzee mmoja wa Nyamarambe akaingia, akaniangalia kwa upole, akauliza, "Kijana, mahari yako ni wapi?"

Nilisimama. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba bado sijaoa, ila baba ameahidi ng'ombe watapatikana Mungu akipenda. Yule mzee akamgeukia Mzee Maragia akamuuliza kwa Ekegusii, nilivyokuja kutafsiriwa baadaye, kama huyu mtoto wa watu ni mzima. Mzee Maragia alicheka hadi akashika nguzo. Aliyeulizwa mahali anakotoka alikuwa amejibu habari za mahari.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza somo la kwanza la kazi: ulimi wa Kikisii hauna L. Kila L inakuwa R. Lori ni rori, kalamu ni karamu, na mtu akikuambia amechoka anataka kurara, usimwite daktari. Lakini msinicheke peke yangu wala msiwacheke wao, kwa kuwa sisi wa ziwani nasi tuna ugonjwa wetu. SH hututoroka. Kwa kuandika naimudu. Kwa ulimi bado ni vita. Wiki ileile nilimwambia mteja mmoja, mwalimu aliyevaa tai, kwamba tuna soka nzuri sana za zamani. Akaniuliza zilichezwa na timu gani. Nikamwonyesha mashoka matatu ukutani.

Mzee Maragia, ambaye biashara ilikuwa imemfundisha L, alisema, "Wenzangu hawana L, wewe huna SH. Mkikutana, Kiswahili kinatoka na mapengo mawili. Lakini bado kinatafuna." Tangu hapo nilifunza sikio langu kusahihisha. Baada ya miaka michache nilikuwa nasikia R, naigeuza L humohumo sikioni, na mtu hawezi kujua kama nilipata taabu. Nilijivunia sana sikio hilo. Mtaona lilinifikisha wapi.

Sasa vifaa. Brashi laini ya viatu, ambayo haijawahi kuona kiwi. Sindano ya kutolea vumbi kwenye nakshi. Tochi. Gazeti la jana. Hilo gazeti ni la maana kuliko yote: kitu chochote cha mti kikiletwa, kiweke juu ya gazeti mpaka asubuhi. Ukikuta unga mwembamba chini yake, kuna wadudu ndani, na usikikaribishe dukani hata kama mwenyewe analia machozi. Wengine husoma gazeti kwanza. Mzee Maragia alisema habari ya kweli ni ile inayoandikwa na mdudu.

Kanuni zake zilikuwa tatu, nami naziacha hapa kama alivyoniachia. Ya kwanza, mti wa kale haunywi maji. Ukiulowesha utavimba, ukikauka utapasuka. Futa kwa kitambaa kikavu na nta, basi. Ya pili, kila kitu kiwe na kadi, na kadi iandikwe kwa herufi kubwa tupu, ili mzee aliyesahau miwani nyumbani asome bila kuomba msaada. Ya tatu, usiseme uongo juu ya kitu. Kama hujui ni cha nini, sema hujui, na ukauze kiti badala yake.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kijana mmoja wa Kenyenya alituuzia kiti cha babu yake bila babu kujua. Siku ya pili babu mwenyewe akaingia, hakusalimia, akakiona kiti chake katikati ya duka, akakikalia. Alikaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Wateja waliingia wakadhani ni mapambo. Mzee Maragia hakugombana naye. Alimpa chai, akampa na ndizi, saa kumi akamwita mtu wa boda boda akamwambia, "Mpeleke mzee nyumbani, pamoja na alichokalia." Nilipolalamika aliniambia kwamba kitu kina mwenyewe pale kinapofanya kazi yake, na kile kiti kilikuwa kazini siku nzima mbele ya macho yetu. Maneno hayo niliyashika.

Miaka ishirini ilipita hivyo. Kisha siku moja Mama Kerubo akashuka kutoka Manga.

Alikuwa mama wa makamo ya juu, mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mkoba ulioshonwa kwa gunia la mbolea. Alikuja mjini kliniki ya presha, akapitia kwetu. Ekegusii changu kilikuwa kimefika kwenye salamu, kikasimama hapo, kwa hiyo baada ya "Bwakire" tuliingia kwenye Kiswahili, sote wawili tukiwa wageni. Nilimwambia asiwe na wasiwasi na lafudhi, mimi mambo ya L na R nimeyamaliza zamani. Alinipongeza. Alipokaa vizuri akatoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwa kanga.

Kilikuwa chupa ya mti. Nasema chupa kwa kuwa sina jina jingine. Ilichongwa ikawa na matumbo mawili, moja kubwa na moja dogo, yameungana kwa kishingo kifupi. Tumbo kubwa lilikuwa na mdomo na kizibo cha mti. Tumbo dogo halikuwa na mdomo, ila begani mwake palikuwa na tundu jembamba, limechongwa kwa ustadi kuliko sehemu nyingine zote. Mti wenyewe ulikuwa umeshikwa na mikono mpaka ukang'aa bila nta. Niliipenda papo hapo.

"Ni ya nyumba ya baba mkwe wangu," alisema Mama Kerubo. "Hii ni ya kuria."

"Ya Kuria," nikasema.

"Eeh. Ya kuria."

Nikafurahi. Wakuria ni majirani zetu upande wa kusini, mpakani na Tanzania, na vitu vyao vilikuwa adimu dukani. Kwa ile furaha, pale pale nikampa marehemu baba mkwe wake safari. Nilimwona akiwa kijana, anapeleka mbuzi Kehancha kwa Wakuria, anarudi na chupa begani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliitunga peke yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti.

"Na kazi yake, Mama?"

Akanishangaa. "Kazi yake? Si nimesema?"

Hapa ndipo nilipopaswa kuuliza mara ya pili. Lakini nilikuwa nimejisifu dakika tano nyuma kwamba Kiswahili chao nakielewa chote, na niliona aibu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Vijana, ogopeni sana kuitikia kwa kichwa.

Kisha akaniwekea sharti. "Sitaki mtu wa kuiweka ukutani kama picha. Sitaki mtu wa kuificha kwa sanduku. Umpatie mtu ataifanyisha kazi. Kama hakuna, ikae hapa ingoje. Umekubari?"

"Nimekubali, Mama."

"Apa."

"Naapa."

Kwa hiyo niliapa kukitafutia kazi kitu nisichojua kazi yake. Niliandika kadi kwa herufi kubwa kama kanuni inavyotaka: CHUPA YA MTI. YA KURIA. Nikaiweka chupa rafu ya tatu, mahali pasipofika jua wala maji.

Makisio yalianza siku ileile. Mmoja alisema ni ya tumbaku. Mwingine, ya sumu ya mishale. Mwingine alisema ya asali, nikamuuliza, na lile tundu? Chombo chenye tundu begani kitavuja ukikiinamisha. Akasema labda ni ya asali kidogo. Mchungaji mmoja aliishika kwa karatasi, akaiombea, akaikemea kwa sauti, halafu akauliza bei. Daktari mmoja mstaafu alitoa maoni ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la Nyaboke. Mimi mwenyewe nilishawishika kwamba lile tundu ni kosa la fundi, nikayeyusha nta ili nilizibe. Mzee Maragia alinishika mkono. "Tundu usilolijua usilizibe," alisema, akaenda zake kunywa chai.

Siku moja akaingia Mkuria halisi, mwalimu wa Kehancha. Niliishusha chupa kwa fahari. Aliigeuza, akaitazama kwa adabu, akasema, "Kwetu sijaiona. Labda ni ya wenzetu wa upande wa Tanzania." Mwaka mwingine akapita mfanyabiashara Mkuria wa Tarime, Tanzania. Naye akaigeuza, akasema, "Kwetu haipo. Labda ni ya wenzetu wa upande wa Kenya." Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilichukua daftari nikaandika: ni ya mpakani kabisa.

Na kila mwezi, akitoka kliniki, Mama Kerubo alipita.

"Otieno, imepata kazi?"

"Bado, Mama."

"Unawaambia ni ya kuria?"

"Nawaambia wote."

"Hata karatasi imeandikwa?"

Nilimpa kadi. Alitoa miwani, akaivaa, akasoma kwa sauti herufi moja moja, YA KURIA, akaitikia kwa kichwa akaridhika. "Basi shida ni watu," alisema. "Watu wa siku hizi."

Tuliongea hivyo miaka kumi na mmoja, na kila mmoja alimwona mwenzake ni mtu mwelewa sana. Presha yake ilipanda ikashuka, mguu ukaanza kumsumbua, akaanza kutembea na fimbo. Mzee Maragia alituacha. Siku tuliyorudi kutoka mazishini Mama Kerubo alikaa nami dukani, kisha alipoinuka akauliza taratibu kama imepata kazi. Nilisema bado. Nakiri kwamba kufikia hapo nilikuwa simwogopi mkaguzi yeyote wa serikali kama nilivyomwogopa mama huyo akiniuliza swali hilo. Alikuwa anazeeka, nami nilikuwa nazeeka, na kiapo kilikuwa palepale rafu ya tatu.

Duka likawa la Nyaboke. Mwenyewe atasoma haya, basi naandika mbele yake: ni mchapakazi, ana mkono wa baba yake, na subira hana. Alipopanga upya rafu alisema kitu kilichokaa miaka kumi na mmoja si bidhaa, ni mpangaji. Wakati huo tulikuwa tumekubaliana kwamba mwisho wa mwezi napumzika. Wiki yangu ya mwisho akaniambia kwa furaha kwamba mpangaji amepata kwa kwenda. Dada mmoja wa Nairobi, anaitwa Mwende, kazi yake ni kupamba hoteli, alikuwa ameona picha ya chupa kwenye simu. Angekuja Ijumaa kuichukua. Angeitoboa chini apitishe waya, ageuze iwe taa ya kando ya kitanda.

"Taa," nilisema.

"Taa, Mzee Otieno. Itawaka kila siku. Hiyo si kazi?"

Labda taa ni kazi. Lakini chupa ikishatobolewa haitakuwa tena ile niliyoapia, na yule aliyejua ilikuwa ya nini hatapata tena kuitumia, kama bado anaishi mahali fulani, Kehancha au Tarime. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini. Ningefunga miaka thelathini na moja kwa kuvunja neno langu kwa mama wa watu. Nilimwomba Nyaboke jambo moja tu: Mama Kerubo aitwe, aambiwe kwa mdomo, asije akakuta rafu tupu. Nyaboke akakubali, akapiga simu Manga kwa jirani.

Ijumaa Mama Kerubo alifika kabla ya saa nne, kwa boda boda, amekaa upande na fimbo ameishika kama bunduki. Nilimkalisha kwenye kiti cha miguu mitatu, nikamweleza yote. Taa, waya, tundu la chini. Nilimwomba msamaha. Alitazama rafu ya tatu, akatazama mikono yake.

"Na uriwaambia ni ya kuria?" aliuliza.

"Kila siku, Mama. Kila mtu."

"Na hawakutaka."

"Hawakutaka."

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba nilitamani aniambie maneno makali.

Mwende aliingia akifuatwa na kilio. Alikuwa amembeba mtoto wa miezi mitano, msichana, jina lake Mumbua, na Mumbua alikuwa analia kwa kazi, mwili mzima. Mama yake alisema wamemlisha, wamembadilisha, wamemwimbia, analia tangu walipopita Sotik njiani. Huko Nairobi pia hulia hivyo kila jioni na daktari anasema hana ugonjwa wowote. Mwenyewe Mwende macho yalikuwa mekundu. Lakini alikuja kazini, akafanya kazi: alimpa Nyaboke mtoto, akaishusha chupa, akaipima kwa futi, akaigeuza, akaweka alama ya msalaba kwa penseli pale fundi wake atakapotoboa. Nyaboke alimrusharusha mtoto. Nilimwonyesha shoka. Mtoto akazidi.

Mama Kerubo alikuwa ametazama yote hayo kwa kutoamini. Mwisho aligonga fimbo sakafuni.

"Otieno! Mtoto anaria hivi, na wewe umesimama?"

"Nifanyeje, Mama?"

"Si una ya kuria hapo?"

"Ya Kuria ni hiyo, ameishika huyu dada."

"Sasa si mumpatie mtoto!"

Tulimtazama. Yeye alitutazama kama watu wanaokufa kiu wamesimama ndani ya mto. Akajiinua, akaichukua chupa mikononi mwa Mwende, akang'oa kizibo, akanyakua chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa mezani na kuanza kumimina.

Nilipiga kelele. Miaka thelathini na moja ya kanuni ya kwanza ilipiga kelele pamoja nami. "Mama, maji hapana! Itapasuka!"

"Imekunywa maji miaka arobaini kabra hujaiona," alisema, akaendelea kumimina mpaka nusu. Akaziba. Kisha akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wa Mumbua, akaiinamisha polepole upande wa tumbo dogo.

Chupa ikalia.

Sijui niandikeje. Maji yalipita kwenye kishingo yakasukuma pumzi itoke kwenye lile tundu la begani, tundu nililotaka kuliziba kwa nta, na ikatoka sauti, huuu-uu, nyororo, ya kudeka kidogo, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze naye anajaribu. Akaiinamisha upande wa pili, ikavuta pumzi. Akairudisha, ikalia tena. Tone moja halikuvuja.

Mumbua alinyamaza. Chozi lilikuwa bado shavuni na mdomo wazi, lakini alikuwa amesahau alichotaka kusema. Alitafuta kwa macho ni mtoto gani mwingine aliye humu ndani mwenye shida kubwa kuliko zake.

"Mtoto akisikia mwenzake anaria," Mama Kerubo alisema bila kumwondolea macho, "ananyamaza ajue ni nani."

Kwenye sikio langu, lile nililojivunia, neno likageuka lenyewe, likiwa limechelewa miaka kumi na mmoja.

"Ya kulia," nikasema. "Mama, ni ya kulia!"

"Ndiyo. Ya kuria. Si nirikuambia siku ya kwanza?"

"Mimi nilidhani Wakuria."

"Wakuria gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza mbuzi wa Kehancha, safari ya baba mkwe, mwalimu na mfanyabiashara wa Tarime. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua kadi mezani, akaisoma, YA KURIA, akaishusha, na bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani nimemwumiza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani, Nyaboke akacheka, Mwende ambaye hakuelewa chochote akacheka kwa sababu mtoto wake yuko kimya, nami nikacheka mpaka nikashika nguzo ileile aliyoishika Mzee Maragia siku ya mahari.

Alipopata pumzi alituambia. Mtoto wake wa kwanza, Kerubo, alikuwa mtoto wa kulia kupita wote wa Manga. Majirani walilalamika. Baba mkwe, fundi wa mizinga ya nyuki, alijifungia na gogo wiki nzima, akatoka na chupa. Kerubo akanyamaza, na wanane waliomfuata nao wakanyamazishwa nayo. "Wajukuu wangu wanapewa simu," alisema. "Ningewapatia hii wangeiweka chini ya kitanda. Ndio nikasema, mjini watoto ni wengi. Hatakosa mmoja wa kuria."

Nilichukua penseli ya Mwende niirekebishe kadi, niandike L. Mama Kerubo alinipiga mkono kidogo. "Wacha. Umeandika vizuri," alisema. Kadi hiyo ninayo nyumbani mpaka leo, na R yake.

Mwende alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, mtoto mapajani, anajifunza kuinamisha chupa. Alijaribu mara tatu ikagoma, ya nne ikalia, na Mumbua akafanya jambo ambalo mama yake alisema hajalifanya tangu asubuhi. Alitabasamu. Nyaboke aliuliza taratibu habari ya taa. Mwende alisema, "Hoteli itafutiwe kibuyu." Alilowesha kidole, akaufuta ule msalaba wa penseli.

Vijana, mkiuza vitu vya kale, shikeni kanuni za Mzee Maragia. Bado ni nzuri. Lakini mtu akikuambia kitu ni cha nini, mwulize tena kwa maneno mengine, hata kama uliapa unaelewa. Mwombe akuonyeshe kwa mikono. Na siku moja moja, mwenyewe akiwepo na akikubali, tieni maji.

Saa kumi Nyaboke alileta soda na ndizi mbivu. Alinipa brashi yangu ya viatu imefungwa kwa karatasi ya zawadi, akaanza kunena juu ya baba yake na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu. Nilikuwa na hotuba mfukoni, yenye mzaha mahali pake. Mama Kerubo akaniwahi. Kutoka kwenye kiti chake aliita, kama kila mwezi,

"Otieno, imepata kazi?"

Nikafungua mdomo kusema imepata, Mama. Kikatoka kilio. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na machozi yalikuwa yananitiririka mbele za watu, mzee mzima na shati lake la pasi.

Mama Kerubo aliinuka. Aliichukua chupa kwa Mwende kwa dakika moja, akaja mpaka niliposimama, akainyanyua karibu na sikio langu na kuiinamisha polepole. Nilinyamaza kama mtoto mwingine yeyote, nijue ni nani huyo anayelia.